Uzi: Mkahawa wa kisasa wa Kihawaii, Honolulu. Nimekuta majimbi, mwani na pweza wa kwetu mezani

BintiJambiani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za saa hizi.

Huu ni mwaka wangu wa pili Honolulu, nasoma Chuo Kikuu cha Hawaii pale Mānoa, mambo ya bahari. Wengi humu mmeniuliza huku watu wanakula nini, nami nikawa najibu kijuujuu kwa sababu sikuwa na la maana. Wiki iliyopita nimelipata. Vuteni viti, uzi ni mrefu.

Ninayekaa naye chumba ni mzaliwa wa hapa. Bibi yake mzaa mama ni Kanaka Maoli, mwenyeji wa asili wa visiwa hivi, na upande wa baba ni wajukuu wa Wajapani walioletwa kukata miwa. Alipomaliza mitihani akaniambia leo hatupiki, twende Kaimukī. Huo ni mtaa wa wenyeji, mbali na Waikīkī na hoteli zake ndefu, na barabara ya Waiʻalae pale imejaa mikahawa midogo midogo. Tuliokwenda sitautaja, sitaki uzi ugeuke tangazo. Ni wa kisasa: meza za mbao bila kitambaa, jiko wazi unawaona wapishi wanavyohangaika, menyu ni karatasi moja inayobadilishwa kila wiki. Meza aliiweka siku tisa kabla.

Niseme kwanza kwa nini nilikwenda shingo upande. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikula kwenye sehemu moja ya watalii ufukweni. Chakula "cha Kihawaii" kilikuwa kuku kamiminiwa sosi tamu, duara la nanasi juu, na kijimwavuli cha karatasi kwenye glasi. Nikaondoka nikiamini watu hawa hawana mapishi yao. Baadaye ndipo nikajua nanasi lenyewe asili yake Amerika Kusini, huku lilifanywa zao la mashamba makubwa ya biashara, na ile piza ya nanasi inayobeba jina la Hawaii ilibuniwa Kanada mwaka 1962. Nilikuwa nimewahukumu wenyeji kwa kitu ambacho si chao.

Haya, mezani. Mhudumu alipokuja nikamwambia mapema kwamba sili nguruwe, na sitaki kileo hata cha kwenye mchuzi. Waislamu mtakaokuja huku lishikeni hili, kwa sababu nguruwe yumo mpaka kwenye mboga za majani, na mirini, kile kileo kitamu cha mchele cha Kijapani, kinatiwa kwenye sosi nyingi bila kuandikwa popote. Yule binti hakukunja uso. Akaenda jikoni, akarudi na menyu kaizungushia kalamu vyakula sita.

Cha kwanza poke, tamka po-ke. Neno lenyewe maana yake ni kukata vipande. Jodari mbichi, mwekundu kama tikiti, kakatwa vipande vya mraba, katiwa chumvi ya bahari, mafuta ya ufuta, kitunguu, pilipili, na inamona, yaani kokwa za mti wa kukui zilizokaangwa zikasagwa na chumvi. Ndani yake wamechanganya limu.

Limu ni mwani, wadau.

Nilipoutafuna ukakatika menoni, na ile harufu ya pwani maji yakiwa yametoka ikanijaa puani, nikaweka uma chini. Mama yangu amepanda mwani Jambiani tangu kilimo hicho kilipoingia kwetu mwaka 1989. Namkumbuka alfajiri za bamvua, kanga kaifunga kiunoni, maji magotini, anafunga mbegu moja moja kwenye kamba kwa taitai, kisha anakaza vigingi mchangani. Amekausha, amejaza magunia, amepimiwa kwa mizani ya mnunuzi akalipwa shilingi za kuhesabu. Ukitoka kwetu unakwenda nje kusindikwa, unatolewa ute wa kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Miaka yote hiyo mama hajautia mdomoni. Na hapa umewekwa katikati ya sahani, ndiyo fahari ya sahani.

Mwenzangu akaniuliza kama nimekutana na mfupa. Nikamwambia hapana, nimekutana na mama.

Cha pili ndicho kilichonimaliza. Kwenye menyu kimeandikwa squid lūʻau. Squid ni ngisi, lakini wazee wa huku wakitaja jina hilo mara nyingi humaanisha pweza, na lūʻau ni majani ya majimbi. Ni pweza ndani ya majani ya majimbi yaliyopikwa mpaka yakalainika kama mlenda, yakatiwa tui zito. Ule ni mchuzi wa nyumbani kwetu mtupu! Mpishi wa pale alichoongeza ni mkono wa pweza uliochomwa juu ya makaa, ukalazwa juu, na matone ya mafuta ya pilipili. Sherehe ya lūʻau mnayoisikia kwenye matangazo ya utalii imepata jina kwa hayo majani.

Vingine navipitia haraka. Samaki wa mvuke kwa namna ya Kichina, tangawizi na kitunguu cha majani juu, kisha anamiminiwa mafuta yanayotokota mezani mbele yako, unasikia chwaa. Shelisheli, wao wanaliita ʻulu, la kukaanga. Poi, ambayo ni majimbi yaliyopikwa yakapondwa kwa maji mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya zambarau iliyofifia, unachota kwa kidole. Ya siku ile ina utamu wa mbali, ikilala siku mbili tatu inachachuka na wengi wanaipenda hivyo. Mwisho malasada, andazi la mviringo lililoviringishwa kwenye sukari, ndani limejazwa haupia, uji mtamu ulioganda wa tui la nazi. Hilo walikuja nalo Wareno wa Madeira na Azores kuanzia 1878.

Bili ya watu wawili dola 131, juu yake kodi ya 4.712%, na bakshishi ya 20% ambayo huku ni kama lazima. Jumla kama 163. Ni ghali, sitaficha, na mimi ni mwanafunzi. Lakini kila chakula kilikuwa na jina la shamba au bandari kilikotoka, na mwenzangu alikuwa ananieleza hiki wamekuja nacho nani na hiki ni cha bibi yake. Tangu siku ile najiuliza kwa nini majimbi, shelisheli na mwani kwetu tunavifanya chakula cha kujificha, mgeni akija tunakimbilia kuficha sufuria.

---

NdumaNaChai

Sasa dadangu, hiyo tunaita nduma. Kwetu Nyeri ni nduma na chai, na haifichwi, mgeni ndiye anapewa ile kubwa. Lakini kuiponda ikue uji ukule na kidole, hapo mmenipoteza.

Halafu mbona hujataja Obama? Babake alitoka Kenya akaenda hiyo chuo yako mwaka wa 1959, akapatana na mamake Barack hapo, na kijana akazaliwa Honolulu 1961. Hawaii ni kama kaunti yetu ya arobaini na nane.

---

BintiJambiani

@NdumaNaChai karibu kaka. Kweli kabisa, walikutana kwenye darasa la Kirusi hapa Mānoa. Na kuna kingine cha Kenya nimesahau kukitaja: juu ya ile malasada walinyunyiza makadamia za kusagwa. Watu wanadhani makadamia ni ya Hawaii kwa sababu ndiyo iliyoifanya biashara kubwa, lakini mti asili yake Australia, na ninyi wa Murang'a, Embu na Meru mnazilima kwa wingi.

---

MzeeWaPangani

Binti, marahaba kwa salamu. Nimevua jodari miaka mingi. Samaki mbichi sili na wajukuu wangu siwashauri. Jodari akipigwa jua kidogo tu anakugeuka. Nimeona watu wamevimba uso na kuwashwa mwili mzima kwa jodari wa kupikwa, sembuse mbichi.

---

NesiWaZamu

Mzee wangu shikamoo. Umesema jambo zito. Kinachowavimbisha watu kinaitwa histamini, na kinajitengeneza kwenye nyama ya jodari na jamaa zake akikaa bila baridi ya kutosha. Kikishaingia, kupika hakukiondoi, ndiyo maana umeona kwa samaki aliyeiva. Wanaokula mbichi kwa usalama ni wale wanaomtia barafu tangu anapotoka majini, na baridi haikatiki mpaka sahanini. Jodari wa kwenye beseni pale sokoni saa saba mchana, msimjaribie poke jamani. Nawaomba.

---

BintiJambiani

Shikamoo Mzee. Ahsante nesi. Hapa Honolulu kuna mnada wa samaki wa alfajiri, siku zote isipokuwa Jumapili, kwenye gati namba 38, samaki wanalala juu ya barafu, mnunuzi anakatiwa kipande kidogo cha mkiani kukagua rangi na mafuta. Wapishi wananunua asubuhi, jioni umemaliza. Na bila mnyororo huo wa baridi hata mwenzangu hamli mbichi.

---

MpishiNungwi

Dada nimesoma mara mbili. Mimi napika hoteli moja huku kaskazini, jina nalihifadhi. Wageni wanalala mita hamsini kutoka baharini na asubuhi nawapikia viazi vya kukaanga vilivyokuja vimegandishwa kwenye kontena. "Usiku wa Kiswahili" ni Jumatano tu, pilau na mishikaki, basi. Nikipendekeza shelisheli naambiwa wageni hawalijui. Hao wenzetu walifikaje hapo? Walianza wakiwa na hoteli za namna hii hii au wao walizaliwa wajanja?

---

BintiJambiani

@MpishiNungwi swali lako ndilo nililomuuliza mwenzangu tukirudi kwenye basi, na jibu lake likanifanya nikasome zaidi.

Hawakuzaliwa wajanja, walikuwa kama ninyi kabisa. Mpaka miaka ya 1980 hoteli kubwa za huku zilikuwa na wapishi wa kutoka Ulaya na bara la Marekani, wanapika vya Ulaya, samaki wengine wanaletwa wamegandishwa kwenye kisiwa kilichozungukwa na samaki. Wakatokea wachache wakaanza kwenda kinyume. Mwaka 1988 Roy Yamaguchi alifungua mkahawa wake Hawaiʻi Kai, mashariki ya Honolulu, na mwaka huohuo Peter Merriman akafungua wake Waimea, Kisiwa Kikubwa. Merriman alikuwa anawafuata wakulima mwenyewe, anawaambia nilimie nyanya ya namna hii, nitainunua. Mwaka 1991 wapishi 12 wakakaa pamoja, wakiwemo hao wawili, Alan Wong, Sam Choy, Beverly Gannon na George Mavrothalassitis, wakaunda kundi na kuyapa mapishi yao jina, Hawaii Regional Cuisine, yaani mapishi ya eneo la Hawaii. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tununue kwa mkulima na mvuvi wa hapa, tupike kwa mikono ya watu wote waliokuja hapa. Alan Wong na Yamaguchi wote walipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi na mikahawa Marekani, miaka hiyo ya 90.

Hapo naomba niseme waziwazi ninachokiamini. Mgeni hakulijua gimbi la Hawaii mpaka mpishi alipoamua kumlisha. Mwambie bosi wako hivyo.

Na kuna tofauti moja waliyonifundisha hapa, nikaipenda. Wao wanatenganisha chakula cha Kihawaii na chakula cha "local". Cha Kihawaii ni cha wenyeji wa asili: poi, nguruwe wa kuvumbikwa kwenye imu, ambalo ni shimo lenye mawe ya moto na majani ya migomba, laulau, yaani nyama au samaki aliyefungwa kwenye majani ya majimbi akapikwa. Cha local ni kile kilichozaliwa mashambani, wakati vibarua wa miwa kutoka China, Japani, Ureno, Puerto Riko, Korea na Ufilipino walipokuwa wakifungua vyombo vyao vya mchana wakaonjana. Ndiyo maana sahani ya mchana ya kawaida mpaka leo ina wali vijiko viwili vya mviringo na makaroni ya mayonezi pembeni. Mkahawa mzuri wa kisasa unajua unachukua wapi, na unasema.

---

KijanaWaMuscat

Mie wa Unguja niko Muscat. Hayo ya mchanganyiko mbona ndiyo sisi wenyewe? Biriani, sambusa, chapati, mkate wa kumimina, haluwa iliyotoka huku Oman. Bibi yangu hajawahi kukaa akaniambia hiki cha Mhindi hiki cha Mwarabu, kwake vyote chakula cha nyumbani. Cha ajabu tunaviita vya kifahari vile vilivyokuja na jahazi, na jimbi lililokuwa kondeni kwetu tunalionea haya.

---

Mkweli_Daima

Naomba kupingana. Dola 163 kwa magimbi na mwani! Hii ni kuwauzia matajiri chakula cha maskini kwa bei ya dhahabu, na yule maskini mwenyewe hawezi kuingia mle ndani. Bibi wa huyo rafiki yako anaweza kula pale kila wiki?

---

BintiJambiani

@Mkweli_Daima hapana, hawezi, na nakushukuru kwa kuuliza. Sitakupaka mafuta.

Nilimfuata bibi mwenyewe Jumapili, anakaa upande wa pili wa milima, nikamuuliza. Alinisimulia kuhusu Hāloa. Kwao wanasema mtoto wa kwanza alizaliwa hana uhai, akazikwa, na pale kaburini likaota jimbi la kwanza. Mtoto wa pili akapewa jina lilelile, Hāloa, na yeye ndiye babu wa watu. Kwa hiyo jimbi ni kaka mkubwa, naye anawalisha wadogo zake. Bakuli la poi likiwa wazi hakuna ruhusa kugombana wala kutoa maneno mabaya. Nilipokuwa nataka kujibu simu akalifunika bakuli kwanza.

Kisha akaniambia ya ardhi. Mwaka 1848 ardhi iligawanywa upya, watu wengi wa kawaida wakajikuta hawana haki ya mahali walipolima. Mashamba ya miwa yakachimba mifereji, yakageuza mito kuelekea kwenye miwa, na jimbi la majini bila maji yanayotembea linaoza. Malkia wa Hawaii akapinduliwa 1893, Marekani ikavichukua visiwa 1898. Shamba la mwisho la miwa limefungwa kisiwa cha Maui mwaka 2016 tu. Leo sehemu kubwa sana ya chakula cha visiwa hivi inakuja kwa meli. Poi ni ghali hata dukani kwa sababu wanaolilima wamebaki wachache. Kwa hiyo bei ile ya kule mkahawani si jimbi limepambwa tu, ni uhaba pia.

Lakini bibi alisema jambo jingine. Mpwa wake ana vijaruba vya jimbi, na mnunuzi wake wa uhakika ni mikahawa miwili ya mjini. Bila hiyo angeshaacha. Kwa wanaotaka kula kwa bei ya mtu wa kawaida, kuna sehemu kongwe kama Helena's, ilifunguliwa Honolulu mwaka 1946, nayo ilipewa tuzo ya James Beard mwaka 2000 ikipika vilevile vya bibi, bila madoido. Mimi zote mbili nazitaka ziwepo.

Kinachonikera kwa dhati ni wizi wa jina. Mwaka 2018 kampuni moja ya Chicago inayouza poke ilituma barua za mawakili kwa wenye vibanda, mpaka wa hapa Hawaii, iwazuie kutumia neno aloha, salamu ya Kihawaii, pamoja na poke. Watu waliandamana. Mtu kuuza mapishi ya wenzake ni jambo moja, kumzuia mwenye nyumba asilitaje jina la nyumba yake sijui niliite nini.

---

MamaWawili_Dodoma

Mimi nataka kupika tu 😊 Hayo majani ya magimbi huwa yananiwasha koo. Wao wanafanyaje? Na hiyo poi naipondea kwenye kinu?

---

BintiJambiani

@MamaWawili_Dodoma dada, kuwasha ni kwa sababu ya vijichembe kama sindano vilivyomo ndani ya jani. Bibi anakata kichwa cha jani pale linapoungana na kikonyo, anamenya mshipa wa katikati, anachemsha kwa chumvi saa nzima au zaidi, anamwaga maji yale, anachemsha tena. Jani likibaki na rangi ya kijani kibichi bado halijaiva, lisubiri liwe kijani cha giza na liteleze. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, lisikatike. Pweza apikwe peke yake kwanza. Kinu kinafaa, wao wanatumia ubao mpana na jiwe, maji wanatia kidogo kidogo kwa mkono.

---

MpishiNungwi

Nimeshapika kwa siri ya wafanyakazi wa jikoni, pweza na majani ya majimbi ya mama mkwe. Sufuria imerudi tupu. Ijumaa nampelekea meneja bakuli. Dada, na mwani je? Wanawake wa Paje wanatengeneza sabuni, na sasa wapo wanaotengeneza hata jamu. Naweza kuutia kwenye kachumbari?

---

BintiJambiani

@MpishiNungwi Mungu akufungulie Ijumaa yako. Chukua mbichi ya siku ileile, iliyopandwa maji safi mbali na mabomba ya hoteli, osha mchanga wote, itie maji moto kwa sekunde chache tu halafu maji baridi, ndimu, pilipili, kitunguu. Si aina moja na limu ya huku. Tena mjue, mwani wa jamii ya ule wa mama uliletwa ghuba ya Kāneʻohe hapa miaka ya 1970 kwa majaribio ya kilimo, ukatoroka, ukafunika matumbawe. Serikali imeunyonya kwa mashine na kuwaachia wale wanyama wa miiba wa mwambani wautafune. Ndiyo kazi ninayoisomea. Siku ya kwanza kuuona kule chini ya maji nilihisi nimekutana na jirani kwenye mji wa watu.

Jana nimempigia mama nikamwambia watu wa huku wanakula mwani wao, tena kwa fedha nyingi. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza wanautoaje mchanga. Nikamwambia bibi mmoja huku anakaa barazani anauchambua uzi kwa uzi, anatupa kila kijiwe, halafu anaupaka chumvi.

"Sasa huyo," mama akasema, "anajua kazi. Mpe salamu zangu."